Herufi Zenye Kofia

Lugha nyingi duniani hazina mtu awezaye kuitwa mtungaji wake. Kiesperanto kinaye. Dr. L. L. Zamenhof, aliyekuwa tabibu wa macho, alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, uliokuwa chini ya Urusi. Humo walikaa Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani, kila watu na lugha yao, wala hawakupatana. Akatunga lugha ya kuwakutanisha, akaitoa kitabuni huko Warsaw mwaka 1887.

Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni mwingi katika matamshi yake. Irabu ni tano zile zile, mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila herufi ina sauti moja tu. Neno "domo" lasomwa kama letu, ila maana yake ni nyumba. Yafaa kujihadhari na herufi mbili: "j" husomwa kama "y" yetu, na "c" kama "ts".

Herufi zote ni 28, na sita kati yake zina alama kichwani: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ. Pale tuandikapo "ch" na "sh", Zamenhof alitaka herufi moja tu, akaivika kofia. Basi "ŝipo", yaani meli, husomwa "shipo".

Kofia hizo zilileta matata, maana wapiga chapa wengi hawakuwa nazo. Kitabu cha kanuni cha mwaka 1905 kiliwaruhusu kuandika "h" mahali pa kofia. Kabla ya hapo, mwaka 1894, Zamenhof mwenyewe alipendekeza mageuzi mengi, pamoja na kuziondoa herufi hizo. Wasomaji wa gazeti lao walipiga kura, wakakataa. Mwaka 1907 ilitokea lugha ya Ido, isiyo na kofia, na baadhi yao wakaifuata. Walio wengi wakabaki.

Je, ulikuwa ukaidi? La. Walikuwa wamekwisha kujifunza, kuandikiana barua na kupiga chapa vitabu. Mtungaji alitunga herufi, lakini zilikuwa zimekuwa mali ya wasomaji. Leo kompyuta na simu zaziandika kofia hizo bila taabu. Basi atakaye kurekebisha maandishi ya lugha yoyote, hata yetu, na awahesabu kwanza wale ambao tayari huyasoma.