Jicho Kama Shahidi wa Sikio

Mtu akiitwa kutoka nyuma hugeuka kabla ya kuitika. Kitendo hiki, ambacho aghalabu hupuuzwa, kimekuwa nyenzo muhimu ya utafiti. Makala haya yanaeleza jinsi miendo ya macho na kichwa inavyotumiwa kuchunguza namna ubongo unavyotambua mahali sauti inakotoka.

Mwaka wa 1907, mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza kuwa ubongo hulinganisha habari za masikio mawili. Sauti ya upande wa kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi. Tofauti hiyo ya wakati hufikia takriban sehemu 7 tu kati ya 10,000 za sekunde. Ulinganisho huo hubainisha kulia na kushoto. Juu na chini hutambuliwa hasa kwa msaada wa mikunjo ya sikio la nje, ambayo huibadilisha sauti kulingana na pembe inakoingilia.

Je, mtafiti atajuaje msikilizaji ameisikia sauti wapi? Jibu kama "pale juu kidogo" halipimiki kwa usahihi. Kwa hivyo, msikilizaji huketishwa gizani, asivione vipaza sauti, kisha huombwa aielekeze macho yake kwenye sauti. Katika mbinu mojawapo, lenzi laini yenye koili ya waya mwembamba huwekwa jichoni, naye huzungukwa na uga wa sumaku. Jicho linapogeuka, umeme katika koili hubadilika, na mwelekeo husomwa kwa digrii. Hata hivyo, jicho lina mipaka katika tundu lake. Sauti ya nyuma hudai mwendo wa kichwa upimwe pia. Bundi, ambaye macho yake husogea kidogo mno, hupimwa kwa kichwa, kama walivyofanya Eric Knudsen na Masakazu Konishi nchini Marekani katika miaka ya 1970.

Mbinu hii ilizaa matunda huko Nijmegen, Uholanzi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1998, Paul Hofman na wenzake waliwavisha watu wazima 4 vipande vilivyobadilisha umbo la masikio yao ya nje. Papo hapo macho yao yalikosea juu na chini, ingawa kulia na kushoto yaliendelea kulenga vyema. Wiki kadhaa baadaye, macho yalirejelea ustadi wake. Ajabu ni kwamba vipande vilipoondolewa, ustadi wa awali ulikuwa bado upo.

Kutokana na ushahidi huo wa macho, ni bayana kwamba kutambua mahali pa sauti ni jambo ambalo hata mtu mzima hujifunza, na kwamba elimu mpya haikuifuta ya kale. Mwanafunzi wa lugha anayehofu kuwa lugha ya pili itaifukuza ya kwanza asilichukue jaribio hili kuwa ithibati, maana sikio na ulimi ni mambo mawili. Lakini analo la kutafakari: ubongo uliojifunza masikio mapya uliendelea kuyahifadhi yale ya zamani.