Vipele Vinavyopona Vyenyewe

Kila joto linapoanza Sydney, mabwawa ya kuogelea yanapojaa na watoto wanapovaa nguo nyepesi, picha zilezile huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya kina mama wa Blacktown, Auburn na Mount Druitt. Ni kwapa la mtoto, au mbavu, au nyuma ya goti, na vipele vidogo vigumu ambavyo haviumi, haviondoki na vinaongezeka. Majibu humiminika. Huyu anasema tetekuwanga, yule anasema chunjua, mwingine anatuma ujumbe wa sauti kuuliza kama si mpox ile ya Kivu. Baada ya hapo huja dawa: paka siki ya tufaha, paka kitunguu saumu, paka dawa ya meno, minya mpaka kile cheupe kitoke, kwangua kwa wembe.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni moluskamu, au kwa jina kamili la hospitalini, moluskamu kontajiosamu. Ni maambukizi ya virusi vinavyokaa kwenye tabaka la juu la ngozi tu, huwapata zaidi watoto wadogo wenye afya njema, na huisha bila dawa. Naandika kwa sababu naamini watoto wetu wanaumizwa zaidi na hofu yetu sisi wakubwa kuliko na virusi hivi. Kipele kingeondoka chenyewe. Kovu la wembe mtoto atazeeka nalo.

Tuanze na kukitambua. Kipele cha moluskamu ni cha mviringo, kigumu kidogo, uso wake ni laini na unang'aa, na ukikisogelea utaona kijishimo katikati. Ukubwa wake ni kati ya punje ya mtama na choroko. Picha nyingi utakazoonyeshwa kliniki au kwenye simu ni za watoto weupe, na hapo vipele huonekana vya waridi. Kwa mtoto mweusi sivyo. Kipele kinaweza kuwa na rangi ileile ya ngozi yake, kikawa cheupecheupe au cheusi kidogo kuliko ngozi inayokizunguka, na mzazi akakigundua kwa kidole anapompaka mtoto mafuta kabla hajakiona kwa macho. Ndani yake mna uji mweupe mzito uliojaa virusi. Ndiyo maana kukiminya ni kosa: ule uji unabaki kwenye kucha, kucha inagusa shavu, na baada ya wiki kadhaa shavu nalo lina vipele.

Hofu ya mpox nisingependa ipuuzwe, maana ina chimbuko. Wengi wetu hapa tuna ndugu Bukavu, Uvira, Bujumbura. Aina mpya ya mpox iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, ugonjwa ukiwa umeshafika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Ni kweli pia kwamba virusi vya mpox na vya moluskamu ni vya ukoo mmoja, na ndui nayo ni ya ukoo huo. Lakini ndugu hawa hawafanani tabia. Mpox huingia mwilini: mtoto hupata homa, tezi zinavimba, mwili unachoka, malengelenge yanauma, yanajaa usaha na kufanya magaga ndani ya wiki chache, na mara nyingi hutokea hata viganjani. Mtoto mwenye moluskamu anacheza, anakula, hana homa, na kipele kilichokuwepo mwezi uliopita bado kipo vilevile. Kama kuna homa na malengelenge yenye maumivu, na familia imetoka safari au imepokea mgeni kutoka kunakoenea mpox, piga simu kwa daktari kabla ya kwenda, usisubiri.

Kuhusu ndui, bibi na babu zetu wengi wana alama ya chanjo yake begani hadi leo. Mtu wa mwisho kuipata katika maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru na ndui. Tangu hapo moluskamu ndiyo peke yake katika ukoo ule inayoishi kwa binadamu tu, bila mnyama wa kuihifadhi. Imedumu kwa sababu ya upole wake: haiingii kwenye damu, haileti homa, na imebeba vinasaba vinavyoufanya mwili usishtuke. Kinga ya mtoto huishi na virusi hivi miezi mingi bila kujua kuna mgeni.

Ipo hofu nyingine ambayo wazazi wengi hawaisemi. Waliokuwa watu wazima Afrika Mashariki miaka ya tisini wanakumbuka vipele vya namna hii, vikubwa na vingi, usoni mwa watu waliokuwa wakiugua UKIMWI kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana. Kumbukumbu hiyo ni sahihi kitabibu, kwa kuwa kinga ikianguka moluskamu hutapakaa. Lakini kuihamishia kwa mtoto wa miaka minne wa chekechea ya Parramatta mwenye vipele 15 kwapani ni kumwonea. Katika umri wake ni ugonjwa wa kawaida, kama ilivyo kwa watoto wenzake wa Kiaustralia, Kihindi na Kichina. Utafiti wa damu ya watu wa Australia uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta dalili za kuwahi kukutana na virusi hivi kwa takriban asilimia 23 ya watu waliopimwa, wengi wao bila shaka bila hata kukumbuka. Daktari atataka kupima kinga pale tu vipele vinapokuwa vingi mno, vikubwa isivyo kawaida, au mtoto akiwa anaugua mara kwa mara mambo mengine.

Vivyo hivyo vikitokea kwenye kinena au matako ya mtoto. Kwa mtu mzima, vipele vya sehemu hizo mara nyingi vimetokana na kujamiiana. Kwa mtoto, kwa kawaida amejikuna kwapani kisha akajikuna huko, au walioga pamoja na mdogo wake. Mpeleke aonwe na daktari, na ukiwa na wasiwasi wowote mwingine useme, ila usianze kwa kumtuhumu mtu wa nyumbani.

Ugonjwa huu unaambukizaje? Kwa ngozi kugusana, na kwa vitu vinavyogusa ngozi. Hapa nyumba zetu zina mazoea yanayovisaidia virusi. Watoto watatu wanaogeshwa katika beseni au bafu moja ili maji yatoshe na usiku usiwe mrefu. Kanga moja inawafuta wote, mmoja baada ya mwingine. Mashine moja ya kunyolea inapita vichwa vyote vya wavulana Jumamosi. Hakuna aibu katika hayo, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kwa miezi ya vipele, kila mtoto awe na taulo au kanga yake, waoge kwa maji yanayomwagika badala ya maji yaliyokaa, sehemu yenye vipele ikaushwe mwisho, na mashine isafishwe kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Hata ukifanya yote hayo, usishangae mdogo mtu akipata. Watafiti wa Cardiff waliowafuatilia watoto wa Uingereza, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, walikuta kwamba katika nyumba zenye watoto wengine, karibu nyumba 4 kati ya 10 maambukizi yalifika kwa mtoto mwingine.

Watafiti hao ndio waliotupa pia jibu la swali linalowachosha wazazi kuliko yote: lini? Kwa wastani vipele vilidumu miezi 13. Watoto 3 kati ya 10 walikuwa bado navyo baada ya mwaka mmoja na nusu, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 10 baada ya miaka miwili. Ni muda mrefu. Ni heri mzazi ajue hivyo mapema, kwa maana anayeambiwa "vitaisha tu" bila kuambiwa lini hushindwa kuvumilia mwezi wa tatu, akashika wembe.

Kuna hatua moja katika safari hiyo inayowadanganya wengi. Siku moja kipele kilichokuwa kimya kinavimba, kinawasha, kinakuwa cha moto. Kwa mtoto mweupe kinakuwa chekundu kabisa; kwa mtoto wetu kinaweza kuonekana cha zambarau au cheusi zaidi. Mzazi anaona kimeoza, anakimbilia antibayotiki. Mara nyingi sivyo: kinga ya mwili imeamka, imemtambua mgeni, na kipele hicho kiko njiani kuondoka. Kilichooza kweli kina dalili nyingine: maumivu yanayozidi, uvimbe na joto vinavyosambaa mbali na kipele, usaha unaoongezeka, homa. Hapo mpeleke mtoto kwa daktari siku hiyohiyo. Kipele kilicho kwenye ukope, au jicho linalotoa machozi na kuwa jekundu karibu na kipele, nacho kinahitaji daktari.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi anahitaji uangalizi zaidi. Ngozi kavu inayowasha inakunwa, na kila mkwaruzo unafungua mlango. Mpake mafuta mazito yasiyo na manukato mara mbili kwa siku, kucha ziwe fupi, na krimu aliyoandikiwa na daktari itumike kama ilivyoelekezwa. Ninachoomba sana ni kuhusu zile tyubu zinazofika ndani ya mabegi kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethazoni, zimechanganywa na dawa ya fangasi na antibayotiki, na huuzwa kule bila cheti cha daktari. Muwasho unatulia siku mbili, mama anafurahi. Lakini dawa hiyo inaidhoofisha kinga ya ngozi pale ambapo kinga ndiyo tunayoingoja, na ikipakwa kwa muda mrefu ngozi ya mtoto inakonda.

Je, hospitali haina dawa? Inazo njia, na daktari wa ngozi anaweza kuzitumia vipele vikimsumbua mtoto: kukwangua baada ya kupaka krimu ya ganzi, au kutia kantharidini, dawa inayotengeneza lengelenge dogo, ambayo Marekani iliidhinisha rasmi kwa ugonjwa huu mwaka 2023. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 na Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, hayakupata tiba hata moja ya kupendekezwa kwa uhakika juu ya nyingine, au juu ya kusubiri. Kwa ngozi nyeusi naongeza tahadhari moja. Kugandisha kwa naitrojeni kunauma, na baridi ile huua chembe zinazoipa ngozi rangi, mtoto akabaki na madoa meupe kwa miezi au zaidi. Ukipendekezewa, uliza kwanza hilo. Siki ile ya WhatsApp nayo inaunguza, na ngozi yetu ikiungua huacha doa jeusi, na katika familia zenye keloidi huweza kuacha uvimbe wa kudumu.

Mkienda kwa daktari wa familia na Kiingereza hakitoshi, omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma ya taifa ya ukalimani, TIS, inapatikana kwa simu 131 450, na kwa mwenye Medicare daktari haimgharimu kitu wala wewe haikugharimu. Usimfanye mtoto mkubwa awe mkalimani wa mwili wa mdogo wake. Usiku, muuguzi wa Healthdirect yuko kwenye 1800 022 222.

Sasa chekechea. Wazazi kadhaa huwabakiza watoto nyumbani, au kuwavalisha mikono mirefu kwenye joto la nyuzi 38, kwa kuogopa kufukuzwa. Mwongozo wa kitaifa ambao vituo vyote vya malezi huutegemea, *Staying Healthy* wa baraza la utafiti wa afya NHMRC, unasema wazi kuwa mtoto mwenye moluskamu hazuiliwi kuhudhuria. Si kama tetekuwanga, ambapo mtoto hukaa nyumbani mpaka malengelenge yote yakauke. Mwalimu asiyejua aombwe kwa adabu kuufungua mwongozo huo. Vipele vilivyo wazi vifunikwe kwa nguo au plasta, basi.

Na bwawa. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu kuogelea ndilo jambo la kwanza tunalomkatiza mtoto. Ripoti za shirika la uokoaji majini, Royal Life Saving, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waliozaliwa nje ya Australia ni sehemu kubwa ya wanaokufa maji nchini humu, na wengi wetu tuliokulia mbali na pwani hatujui kuogelea. Tegemeo la familia siku ya pikiniki mtoni ni yule mtoto. Idara ya Elimu ya NSW ina mafunzo ya siku 10 kwa wanafunzi wa darasa la 2 na kuendelea. Ukimtoa kwa sababu ya vipele vya miezi 13, nafasi hiyo ya mwaka huu imepita. Moluskamu imehusishwa na mabwawa, ni kweli, lakini vinavyoshukiwa zaidi ni taulo na vibao vya povu vinavyopita kutoka kifua cha mtoto mmoja hadi cha mwingine. Mvalishe mtoto fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, ambayo hata hivyo anaihitaji kwa jua la hapa. Vilivyobaki wazi vibandikwe plasta isiyopitisha maji, kibao kisuuzwe, taulo iwe yake peke yake, aoge akitoka, na plasta ya zamani itupwe kwenye pipa. Mwalimu wa kuogelea akiuliza, mwambie ni moluskamu na kwamba umevifunika.