Quaker Hawakuhama Bila Barua

Anayetafuta nasaba yake Marekani huanza na jina, na kwa kawaida hukwama pale mwenye jina alipohama. Kabla ya 1850 sensa ya nchi hiyo ilimtaja mkuu wa kaya peke yake. Mke na watoto walihesabiwa tu. Lakini akigundua kwamba wazee wake walikuwa Marafiki, yaani Quaker, ana kila sababu ya kufurahi.

Marafiki walianza Uingereza katika miaka ya 1650, kwa mahubiri ya George Fox. Hawakubatiza kwa maji, kwa hiyo usihangaike kutafuta rejista ya ubatizo. Walikuwa na mkutano wa mwezi, ambamo waumini wa eneo moja walijadili ndoa, ugomvi, hali ya maskini na mienendo ya kila mmoja, huku karani akiandika. Familia iliyotaka kuhama iliomba barua ya uhamisho. Wajumbe waliteuliwa kuchunguza: je, baba ameacha deni? Kijana ana uchumba ambao haujamalizwa? Wakiridhika, barua iliandikwa, na mkutano wa ugenini ukaipokea na kuiingiza kitabuni. Hivyo safari moja huweza kuonekana katika vitabu viwili vilivyotengana kwa mamia ya maili. Ndiyo maana nashauri utafute mkutano kwanza. Jina litakuja lenyewe.

Mfano mzuri ni ukoo wa Coffin. Wengi wao waliishi kisiwa cha Nantucket, Massachusetts, kisha katika karne ya 18 baadhi wakaenda New Garden, North Carolina. Huko ndiko alikozaliwa Levi Coffin mwaka 1798. Mwaka 1826 alihamia Newport, Indiana, ambako yeye na mkewe Catherine waliwahifadhi watumwa waliotoroka kusini. Hakuwa peke yake njiani. Sheria ya 1787 ilipiga marufuku utumwa kaskazini ya mto Ohio, na Marafiki wa Carolina waliochoshwa na kuishi katikati ya utumwa walifuatana kuelekea huko, jirani kwa jirani. Mtafiti asiyeijua sababu hiyo atadhani walifuata ardhi tu. Ardhi iliwavuta kweli, ila dhamiri nayo iliwasukuma.

Mtego mkubwa uko kwenye tarehe. Marafiki walikataa majina ya miezi yenye asili ya miungu ya kipagani, wakaandika kwa namba. Sisi tukisoma "mwezi wa pili" tunafikiria Februari moja kwa moja. Katika nyaraka za Kiingereza za kabla ya 1752, mwezi wa kwanza ulikuwa Machi, hivyo wa pili ni Aprili. Kosa hilo linaweza kumzaa mtoto kabla ya wazazi kufunga ndoa.

Halafu kuna kutengwa. Aliyeoa nje ya Marafiki, aliyelewa au aliyebeba silaha aliweza kufutwa katika ushirika. Wengi hukata tamaa wakifika hapo, ilhali kwangu kurasa hizo ndizo tajiri kuliko zote, kwa kuwa kosa limeelezwa, na toba pia kama ilikuwapo. Vitabu vya mikutano ya wanawake visirukwe; walikutana peke yao na kuandika yao. Na baada ya Marafiki wenyewe kugawanyika mwaka 1827, eneo moja laweza kuwa na mikutano miwili yenye jina lilelile, kila mmoja na vitabu vyake.

Kazi imerahisishwa na William Wade Hinshaw, mwimbaji wa opera aliyegeukia nasaba na kuanza kuchapisha mukhtasari wa rekodi hizi mwaka 1936. Hata hivyo ni mukhtasari. Vitabu vyenyewe vimehifadhiwa katika vyuo: vya Carolina viko Guilford, vya Pennsylvania viko Swarthmore na Haverford, na vya Indiana viko Earlham, mjini Richmond.

Mji huo wa Richmond, ulioanzishwa na Marafiki kutoka Carolina, unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1902 Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na baadaye ikasimamiwa na bodi ya Marafiki yenye makao yake Richmond. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Chilson naye hakuishia Kaimosi: mwaka 1934 alikwenda Burundi, akaanzisha kituo cha Kibimba.