Mtoto Asiyeonyesha kwa Kidole

Hapo Mikese, lori au garimoshi lipitapo, mtoto wa mwaka mmoja aliye mgongoni mwa mamaye hunyosha kidole, kisha humtazama mama apate kujua kama naye ameliona. Machoni petu ni jambo dogo. Madaktari wa watoto, hata hivyo, hulihesabu kuwa ni mazungumzo kamili, yanayotangulia maneno, na mtoto asiyelifanya yafaa aangaliwe.

Wazazi wengi huingiwa na wasiwasi mtoto afikapo miaka 3 bila ya kusema, na hapo jirani huwatuliza kwamba hata babaye alichelewa. Kumbe dalili za usonji hutangulia sana. Wa miezi 9 aitwapo jina lake hageuki, ijapokuwa mlio wa sufuria jikoni huusikia vyema. Akitimiza mwaka hapungi mkono. Miezi 16 hana neno hata moja. Na yule aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, asingojewe hata wiki. Dalili moja pekee si hukumu, na masikio hayana budi kupimwa kwanza.

Daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943. Kwa miaka mingi baadaye walilaumiwa mama zao, eti hawakuwapenda. Huo ni uongo mtupu, sawasawa na ule wa kurogwa, kwani kwa sehemu kubwa mtoto huzaliwa nao usonji. Wala hauletwi na chanjo ya surua: makala iliyozusha shaka hiyo London mwaka 1998 ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Twalitaja hili kwa kuwa chanjo hiyo nchini mwetu hutolewa kwenye miezi 9 na 18, wakati ule ule dalili zinapodhihiri, na mzazi aweza kudhani kuwa moja imezaa nyingine.

Basi siku hizo mbili, mama yu kliniki na kadi mkononi, swali hili halichukui dakika mbili: akiitwa hugeuka? Asipoulizwa, na aseme mwenyewe. Dawa ya kuuondoa usonji hakuna. Lakini mtoto aliyefundishwa mapema kuonyesha, kuiga na kungoja zamu yake aweza kupata njia ya kuomba maji pasipo kulia.