Hofu ya mama inapomfikia mtoto tumboni: kutoka Goma hadi Nakivale

RUHARO, Mbarara – Kipimo cha mimba ni kijikaratasi chembamba kinachochovywa kwenye mkojo. Mistari miwili ikitokea, mkunga humpongeza mama au hunyamaza kwanza, akimtazama usoni. Lakini kinachosomwa na kipimo hicho, iwe hapa Ruharo au katika vituo vya afya vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, si habari ya mama. Ni ujumbe uliotumwa na mtoto.

Wiki moja hivi baada ya mimba kutungwa, seli zitakazokuwa kondo la nyuma huanza kutoa homoni iitwayo hCG. Homoni hiyo huingia katika damu ya mama na kuiagiza ovari iendelee kutengeneza projesteroni. Bila agizo hilo hedhi ingekuja kama kawaida, na mimba ingetoka kabla mama hajajua kwamba alikuwa nayo.

Mama naye ana ujumbe wake, na si wote wa kheri. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na wapo wanawake wanaofika wakiwa wajawazito baada ya kukimbia risasi. Swali la kuuliza ni kama hofu hiyo huishia kwa mama.

Mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli, homoni inayouandaa mwili kukimbia au kupambana. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachokaa kama mlinzi mlangoni: huigeuza sehemu kubwa ya kotisoli isiwe na nguvu kabla haijamfikia mtoto. Mlinzi huyo hazuii yote, na msongo ukiwa mkali na wa muda mrefu, anaweza kulegea.

Ushahidi ulitoka jirani tu. Mwaka 2012 timu ya Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida ilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali ya HEAL Africa, Goma, kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Watafiti waliwauliza akina mama kuhusu vita, ufukara na adha za kila siku, kisha wakapima damu. Pale mama alipopitia makubwa zaidi, mtoto alielekea kuzaliwa na uzito mdogo, na jeni iitwayo NR3C1 ilikuwa na alama nyingi zaidi za kemikali. Jeni hiyo hutengeneza vipokezi vya kotisoli, ambavyo huusaidia mwili kutulia baada ya hofu. Alama hizo haziibadilishi jeni yenyewe. Zinaweza tu kupunguza kazi yake, mithili ya kufuli mlangoni.

Miaka miwili baadaye, timu ya Nader Perroud wa Geneva ilitoa matokeo kuhusu wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, pamoja na watoto wao waliokwisha kukua. Walipolinganishwa na wenzao waliokuwa na mimba wakati huohuo lakini nje ya Rwanda, alama kwenye jeni hiyohiyo zilikuwa nyingi zaidi, kwa mama na kwa mtoto.

Hapa inafaa kwenda polepole. Watu 25 ni wachache. Kilichopimwa ni damu, si ubongo. Tena mtoto aliyezaliwa Rwanda mwaka huo alilelewa na mama aliyefiwa na wengi, na si rahisi kutenganisha ya tumboni na ya malezi. Kumwambia mkimbizi kwamba amemharibu mwanawe ingekuwa uongo, tena ukatili.

Nakivale yenyewe imeonyesha upande wa pili. Mwaka 2008 Frank Neuner na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya hapo kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye majeraha ya akili. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Katika vikao 6, baadhi yao walisaidiwa kuyasimulia maisha yao kwa mpangilio, mazuri na mabaya. Miezi kadhaa baadaye, 70 kati ya kila 100 waliosimulia hivyo hawakuwa tena na ugonjwa huo. Miongoni mwa wale waliofuatiliwa tu bila tiba, walikuwa 37.

Jaribio hilo halikuwa la wajawazito. Lakini mama akitulia, mlinzi wa kondo hupungukiwa na kazi, na hapo chakula nacho kina neno lake. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, na makato mengine yakafuata.

Goma, Rwanda na Nakivale sasa zote zimo ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Tafiti zote tatu zilichapishwa kwa Kiingereza. Mkunga wa Uganda na mama aliyetoka Kivu, wanapokaa pamoja kliniki, huweza kuongea Kiswahili.