Kubeti kulipokunja jamvi, Gor Mahia waliona joto ya jiwe

Unalikumbuka lile bao la Wayne Rooney Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam? Ilikuwa Julai 13, 2017, Everton wakaifunga Gor Mahia 2-1. Siku ile timu zote mbili zilikuwa na jina moja kifuani: SportPesa, kampuni ya kubeti iliyoanza Kenya mwaka 2014.

Miaka mitatu tu, tayari ipo Ligi Kuu England! Siri yenyewe ni simu. Wakenya walikuwa na M-Pesa tangu 2007, hivyo mtu alisuka mkeka wake akiwa ndani ya matatu, akalipa na kulipwa hapo hapo. Pesa ikatiririka hadi Ligi Kuu ya Kenya, Gor na AFC Leopards.

Mwaka 2019 Serikali ikabana kwenye kodi na leseni. SportPesa ikakunja jamvi, udhamini ukafa. Gor, mabingwa wa nchi, wakaanza kuhangaika na mishahara. Mwaka 2020 vigogo hao wawili wakapata mdhamini mpya, Betsafe. Kampuni ya kubeti tena!

Simba na Yanga nazo zimeshavaa majina ya kampuni hizi, kwa hiyo tusiwacheke jirani. Pesa ya kubeti ni tamu, ila ikiwa nguzo pekee, siku ikiondoka inaondoka na mshahara wa kipa. Mkeka wa shabiki ukichanika Jumamosi, anasuka mwingine Jumapili. Wa klabu ukichanika, msimu mzima umekwenda.