Namba yako ya simu chini ya kila barua pepe

Barua ya ofisini ya zamani ilikuwa na S.L.P. juu na "Wako katika ujenzi wa taifa" chini. Aliyeiokota njiani aliambulia namba ya sanduku tu, na mara nyingi sanduku lenyewe lilikuwa la shule au la parokia. Unapolala hakupajua.

Barua pepe ina saini: jina, cheo, nembo, namba mbili za simu, pengine na aya ya Biblia au ya Kurani. Ukishaiweka kwenye mipangilio inajibandika yenyewe kwenye kila ujumbe, uwe wa bosi au wa mtu aliyeuliza bei mara moja akapotea. Huyo akiusambaza ujumbe wako, saini inakwenda nao.

Kwetu namba ya simu si ya kupigia tu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, namba hiyohiyo ni pochi. Jaribu kumtumia mtu pesa: kabla hujathibitisha, jina alilosajilia laini linajitokeza. Utaratibu huo uliwekwa ili pesa zisipotee, na umewaokoa wengi, ila tapeli naye anajua kusoma. Mwenye jina lako kamili, cheo na ofisi yako hana haja ya kubahatisha na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anakupigia, anakuita kwa jina, anajifanya mhudumu wa mtandao wako, kisha anauliza namba ya siri.

Kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni saini kunakiliwa. Tapeli akipata barua moja ya mhasibu, tayari ana nembo na mtindo wa kuandika. Anabadilisha tarakimu chache za simu, anawaarifu wateja kwamba kampuni imehamia akaunti mpya ya benki. Mteja mwangalifu anapiga simu kuhakiki, lakini anapiga namba iliyo kwenye saini, na anayepokea ni tapeli mwenyewe! Anayetaka kuhakiki apige namba aliyokuwa nayo tangu zamani.

Fundi na mwenye duka watasema namba ndiyo kibao chao cha biashara, na ni kweli. Wao wawe na laini ya biashara peke yake, na kwa Tanzania malipo yapite kwenye Lipa Namba, ambayo humwonyesha mteja jina la biashara. Mwajiriwa simu ya ofisi inamtosha.

Mwongozo wa adabu za intaneti wa mwaka 1995 ulishauri saini isizidi mistari minne, kwa kuwa wengi walilipia muunganisho kwa dakika. Sababu hiyo imepitwa na wakati. Kipimo bado ni kizuri.

Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Ya Tanzania ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Zinawabana wanaokusanya taarifa zetu, lakini haziwezi kuifuata kila nakala ya barua uliyoituma kwa hiari yako.

Gmail na Outlook zinaruhusu saini zaidi ya moja. Fungua mipangilio leo, ile inayojibandika yenyewe iache na jina, cheo na simu ya ofisi tu, ufute mengine. Namba yako binafsi mpe anayeihitaji, ukishamjua ni nani.